Mpagazi katika Mizani ya Vita

Katika mwezi wa Julai, mwaka 1861, juu ya nyanda za Mto Shire katika nchi ambayo leo yaitwa Malawi, askofu mmoja wa Kiingereza alikuwa akisafiri kwa miguu pamoja na wenziwe, mkono mmoja ameshika fimbo yake ya uaskofu na mkono wa pili bunduki ya mitutu miwili. Jina lake Charles Mackenzie, naye alikuwa askofu wa kwanza wa ile Misheni ya Vyuo Vikuu ambayo watu wa pwani waliizoea baadaye kwa herufi zake nne, UMCA, na ambayo asili yake ni hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Hawajapata hata mahali pa kujenga, wakakutana na msafara wa watumwa, watu 84, wanaume shingo zao zimo katika makongwa, wanawake na watoto wamefungwa kamba. Na wenye msafara walipomwona Livingstone, aliyekuwa akiwaongoza wamisionari njiani, na watu wake walikimbia bila ya kupigana. Makongwa yakakatwa kwa msumeno, na miti yake ikawa kuni za kupikia chakula cha wale waliokuwa wameivaa.

Katika jambo hilo hakuna aliyeona shaka. Shaka ilikuja baada ya siku chache, misheni ilipokwisha kutua mahali paitwapo Magomero, na wakuu wa Wamang'anja walipomwendea askofu kumwomba awasaidie juu ya Wayao waliokuwa wakiwashambulia na kuwauza. Mackenzie alisali, akashauriana na mapadri wake, akakubali. Na mara zaidi ya moja watu wa misheni walitoka na bunduki, wakapigana, vijiji vikachomwa moto, na watumwa wengine wakapata uhuru wao. Habari zilipofika Uingereza marafiki wa misheni walifadhaika, na Edward Pusey wa Oxford, mwanachuoni aliyeheshimiwa sana na watu wa madhehebu yao, alipinga kwa hoja kwamba wamisionari hutumwa kufa kwa ajili ya Injili, si kuua kwa ajili yake. Mackenzie hakuwahi kuzijibu lawama hizo, kwa kuwa alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, kando ya mito ya huko huko.

Waliomlaumu na waliomtetea, wote walikuwa wakitumia mizani ya zamani sana, na inafaa kuitazama kidogo mizani hiyo kwa kuwa sehemu yake kubwa ilitengenezwa katika bara letu hili la Afrika. Mwaka 295, huko Tebessa katika nchi ya Numidia, kijana mmoja jina lake Maximilian aliletwa mbele ya liwali wa Kirumi ili apimwe kimo na kuandikwa askari. Akakataa, akasema kwamba yeye ni Mkristo na hawezi kuutumikia upanga, wakamkata kichwa, na Kanisa likamhesabu kuwa shahidi. Haikupita sana zaidi ya karne moja, dola ya Rumi ikawa ni dola ya Wakristo, na Augustino, askofu wa Hippo katika nchi hizo hizo za kaskazini, alimwandikia jemadari Bonifasi barua ya kumtuliza moyo, akimfundisha ya kwamba hata askari aweza kumpendeza Mungu, maadamu anapigana kwa sharti la dharura na kwa nia ya kuirudisha amani, wala si kwa tamaa ya kumwaga damu. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino aliyakusanya mafundisho hayo akayafanya masharti matatu: vita viamriwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na wanaopigana wawe na nia njema. Tena akaongeza kwamba makasisi na maaskofu hawana ruhusa ya kupigana kwa mikono yao, hata vita viwe vya haki namna gani, kwa kuwa mikono ile imewekewa madhabahu.

Kwa mizani hiyo Mackenzie hupimika upesi: sababu yake nzuri, nia yake nzuri, mamlaka yake haijulikani, na bunduki yake haramu. Walakini mizani yenyewe ina upungufu ambao wanavyuoni wa Ulaya hawakuuona kwa muda mrefu, nami nadhani hawakuuona kwa sababu kwao jeshi lilikwenda kwa farasi na magari. Humpima sultani anayetangaza vita, humpima askari anayeua, na hasa tangu siku za Vitoria, mwanatheolojia wa Salamanca, katika karne ya 16 humlinda mkulima na mwanamke asiye na silaha wasiuawe ovyo. Lakini yuko mtu mmoja asiyetangaza vita wala kuua, na juu ya hayo hayuko nje ya vita kama mkulima yule; yu ndani yake mpaka shingoni, na bila yeye vita haviendi hatua moja. Mtu huyo ni mpagazi. Katika nchi zetu, ambako mbung'o huua farasi na ng'ombe, vita vyote vikubwa vimekwenda kichwani mwake.

Isije ikadhaniwa kwamba upagazi wenyewe ni kazi ya aibu. Katika siku za misafara, mtu wa Unyamwezi aliyeshuka pwani mpaka Bagamoyo na mzigo wa pembe wa frasila mbili begani alikuwa mtu mwenye kazi yake, ana ujira aliopatana, ana posho yake iliyojulikana, ana mnyapara wa kumsemea. Na asipotendewa sawa aliweza kuutua mzigo njiani akarudi kwao, na tajiri akabaki porini na bidhaa zake. Vijana wa kule walihesabu safari ya pwani kuwa ndiyo inayomfanya mtu kuwa mwanamume. Kilichoifanya kazi hiyo kuwa ya insafu ni hilo tu, kwamba mwenye kuchukua mzigo aliweza kuukataa.

Misheni ilihama Magomero. Askofu Tozer aliyemfuata Mackenzie aliiondoa kabisa katika bara ile akaipeleka Unguja mwaka 1864, na baada ya miaka michache, chini ya Askofu Edward Steere, kanisa kuu likajengwa Mkunazini juu ya kiwanja cha soko la watumwa. Mwaka 1876 Steere aliwapeleka watumwa waliokombolewa wakajenge makao mapya huko Masasi, na mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, wakauvamia mji ule, wakaua na kuteka. Safari hii misheni haikushika bunduki. Padri Porter aliwafuata wavamizi mpaka nchini kwao akiwa na vitu vya kukombolea, akarudi na baadhi ya mateka. Kama somo la Magomero lilikuwa limewaingia, au kama walijua tu kwamba hawana nguvu za kushinda, si rahisi kusema; yamkini yote mawili. Baadaye vikaja Vita vya Maji Maji, ambavyo mwanzoni mwake, Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabradha wawili na masista wawili, na mwisho wake nchi nzima ya kusini ikateketezwa kwa njaa ambayo serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, iliifanya kuwa silaha. Habari za vita hivyo zinataka makala yake yenyewe.

Vita vikubwa vilipoanza Ulaya mwaka 1914, palikuwa na karatasi moja ambayo ingaliweza kutuokoa. Mapatano ya Berlin ya mwaka 1885, yale yale yaliyoweka kanuni za kuigawa Afrika, yalitia vifungu vya kuziwezesha nchi za bonde la Kongo, pamoja na Afrika ya Mashariki ya Wadachi na ya Waingereza, zikae nje ya vita endapo wakubwa wao watapigana. Gavana Heinrich Schnee wa Dar es Salaam alitamani iwe hivyo. Jemadari wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka, kwa kuwa aliona kazi yake ni kuwashughulisha askari wengi wa Kiingereza huku ili wasiende Ufaransa. Na Waingereza nao hawakutaka, kwani tarehe 8 Agosti manowari yao *Astraea* iliupiga mzinga mji wa Dar es Salaam. Basi vifungu vile vikafa, wala sijui kanisa lolote lililovililia kwa sauti ya kusikika.

Makanisa yalikuwa na shughuli nyingine. Mwaka mmoja tu kabla yake, Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu wakapatana kushirikiana, wakamaliza mkutano kwa kula meza ya Bwana pamoja. Na Askofu Frank Weston wa Zanzibar, mtu mwenye elimu nyingi na hasira nyingi, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamefanya uzushi. Jambo hilo likajaza magazeti ya London mpaka mizinga ikalifunika. Katika miezi hiyo hiyo Wadachi waliwakamata wamisionari wa Kiingereza katika nchi yao, na walimu wao Waafrika wakatiwa mnyororoni, wengine wakafa kifungoni, mpaka Wabelgiji walipoitwaa Tabora Septemba 1916 wakafunguliwa waliobaki. Zamu ya Wadachi ikafuata, na wamisionari wao wa Usambara, Kilimanjaro na kwingineko wakaondolewa na Waingereza, wengi kabla ya mwaka 1920 kwisha. Kila upande ulimwomba Mungu mmoja kwa lugha mbili. Wala Waislamu hawakuachwa, maana Novemba 1914 fatwa ya jihadi ilitoka Istanbul kwa faida ya Wadachi, hali Sayyid Khalifa bin Harub wa Unguja alisimama upande wa Waingereza.

Sasa tumtazame mpagazi, na tumtazame kwa hesabu, kwani hesabu ndiyo iliyomwua kuliko risasi. Tuseme mtu anachukua mzigo wa unga wa ratli 50, na yeye mwenyewe ale ratli mbili kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda mbele na siku kumi kurudi, atakuwa amekula ratli 40, na askari aliye mwisho wa njia atapata kumi. Ukiuongeza mwendo siku mbili na nusu tu kila upande, hana cha kumwachia askari. Ndiyo sababu kwa kila askari aliyekuwa mbele walihitajiwa wapagazi wengi nyuma yake, na nyuma ya hao wengine wa kuwalisha. Na kadiri Lettow-Vorbeck alivyorudi nyuma kuelekea Rufiji na Ruvuma, ndivyo njia ilivyorefuka na watu walivyopungukiwa na chakula. Unga wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mahindi yaliyosagwa vibaya, ukapikwa haraka na watu waliochoka, wengi wao waliozoea ndizi au wimbi makwao, ukawakata matumbo. Kuhara damu kukaua zaidi ya maadui wote. Fikiri juu ya mtu wa kutoka kando ya Ziwa Viktoria aliyelala Rufiji mwezi wa Machi, matope magotini, blanketi moja, hajui lugha ya wenzake, hajui vita ni vya nini.

Mwanzoni walichukuliwa kwa mafungu. Lakini mwaka 1917, katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, palipigwa mkupuo mmoja uliosimamiwa na John Ainsworth, na katika miezi michache watu zaidi ya 100,000 wakachukuliwa. Ujira ulikuwa rupia tano kwa mwezi, baadaye sita. Katika vita vyote, kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi wa muda mrefu na wa muda mfupi walikaribia milioni moja. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 40,000, na wenye kuchunguza baadaye wakaipandisha mpaka karibu ya laki moja. Upande wa Wadachi haukuweka daftari la kutosha hata la kukadiria. Na mahali majeshi yalipopita na kuchukua chakula na ng'ombe, yalibaki makaburi mengine: Wagogo huita Mtunya ile njaa iliyowashika toka 1917 hata 1920.

Nani aliuliza katika wakati ule kama jambo hili ni halali? Wa kwanza aliyeuliza kwa maandishi alikuwa mchungaji Mwafrika, naye aliuliza kabla wapagazi hawajaanza kufa kwa maelfu. John Chilembwe, Mbaptisti aliyesoma Virginia katika Marekani na kuanzisha misheni yake huko Chiradzulu, aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Novemba 1914, baada ya watu wake wengi kuangamia katika vita vya Karonga, akauliza kwa nini Waafrika waitwe kufa katika ugomvi usiowahusu, na kwa nini matajiri na wenye mashamba wasiende wenyewe, hali katika siku za amani faida yote ni yao. Serikali ikaizuia barua ile. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 Chilembwe aliinuka na watu wake, na pigo lao kubwa likaanguka juu ya shamba la wajukuu wa David Livingstone, ambako msimamizi aliyechukiwa, William Jervis Livingstone, aliuawa na kukatwa kichwa. Wanawake na watoto wa Kizungu hawakuguswa, kwa amri ya Chilembwe mwenyewe. Tarehe 3 Februari naye akapigwa risasi karibu na mpaka wa Msumbiji. Shamba lile lilikuwa Magomero, pale pale alipojenga Mackenzie.

Nimemwona Chilembwe akihukumiwa na waandishi wa dini kwa sharti la kwanza la Thomas wa Akwino, kwamba hakuwa na mamlaka ya kuamrisha vita. Ni kweli hakuwa nayo. Lakini hapo ndipo ile mizani inapomtupa mtu mnyonge, maana ikiwa mamlaka halali ni ya serikali peke yake, na serikali ni ya mgeni aliyeingia kwa nguvu, basi aliyetawaliwa hawezi kuwa na vita vya haki hata milele, na hawezi pia kukataa vita vya mtawala wake. Anaweza kuwa mali ya vita tu. Sisemi kwamba alichofanya Chilembwe kilikuwa chema. Damu ya msimamizi yule haikumrudisha hata mpagazi mmoja. Nasema barua yake ilistahili jibu, na jibu halikutolewa, na Kanisa lililokuwa na wanavyuoni wengi hivyo lilikuwa na wajibu wa kulitoa.

Wengine walikataa bila ya silaha. Karibu na mwisho wa vita, katika Rhodesia ya Kaskazini upande wa mpaka wa Tunduma, wahubiri wa Watch Tower, miongoni mwao Hanoc Sindano, waliwaambia watu kwamba dunia hii yakaribia kwisha na kwamba hawana haja ya kuwatii mabomani wala machifu. Watu wakaacha kuchukua mizigo ya serikali, wakapigwa, wakafungwa. Wamisionari wa makanisa ya zamani waliwacheka kwa ujinga wa mafundisho yao, na kweli mafundisho yale yalikuwa na mengi ya ajabu, illa katika jambo la mzigo wa vita walikuwa karibu na Maximilian wa Tebessa kuliko wale waliowacheka.

Namrudia Weston, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliendea jambo hili kwa njia ambayo hakuna askofu mwingine aliyeifuata. Mwaka 1916 serikali ilipotaka wapagazi kutoka Unguja, kisiwa ambacho watu wake karibu wote ni Waislamu, alijitolea kuwaongoza yeye mwenyewe. Jeshi likampa cheo cha meja. Alivuka nao bahari, akatembea nao kwa miguu katika safari ya kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, mji ambao uliangukia mikononi mwa Waingereza mapema Septemba. Hakuchukua bunduki, na kwa hivyo sheria ya Thomas juu ya makasisi hakuivunja. Alichukua amri, akasimamia posho, na waliokuwa naye hawakutupwa njiani. Serikali ilimpa nishani baadaye.

Yako mambo mawili ya kusemwa juu ya tendo hilo. La kwanza ni sifa, na si ndogo: maaskofu wengine walihubiri vita kutoka mimbarini, huyu alikwenda akakaa mahali pa mtu wa mwisho katika safu. Kule Kikuyu, mwaka 1917, mkupuo ule ulipowafikia Wakristo, Dakta John Arthur wa misheni ya Kiskoti alifanya kitu cha jamii hiyo, akakusanya vijana wa misheni kadhaa, wao kwa wao, wakaenda na wamisionari wao kama maofisa. Wakarudi wengi zaidi kuliko ilivyokuwa desturi, kwa sababu walikuwapo watu wa kuwapigania chakula na dawa. Jambo la pili ni hili, kwamba wema huo uliifanya kazi ya shuruti iwe laini, na kilicho laini husukumika upesi. Alipotokea askofu mwenye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa akawaongoza watu waliotakwa na serikali, nani tena katika mji ule angaliuliza kama walitakwa kwa haki? Weston mwenyewe, naona, alilihisi jambo hilo, maana tangu siku hizo hakutulia.

Kilichotoka kwanza katika kutotulia kwake hakikuwa na usawa. Mwaka 1918 alitoa kijitabu, barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, ambamo aliwashtaki Wadachi kwa mnyororo, kiboko na kazi ya lazima, akataka nchi ile wasirudishiwe kamwe. Mengi aliyoyasema yalikuwa ya kweli, naye aliyajua kwa walimu wake waliofungwa. Ila kijitabu kiliwafaa sana waliotaka kuitwaa Afrika ya Mashariki ya Wadachi, kikasomwa kwa furaha, kwa kuwa dhambi zote zilizotajwa ndani yake zilikuwa za adui. Mpagazi aliyekufa Rufiji katika jeshi la Mfalme wa Uingereza hakuwa adui wala hakuwa Mwingereza, na humo hakupata nafasi.

Lililomgeuza lilikuja baada ya suluhu. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey wa Nairobi, na Ainsworth yule yule wa mkupuo wa 1917, akiwa sasa mkuu wa mambo ya wenyeji, walitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Na kuhimiza kwa chifu aliyeogopa kuondolewa kulikuwa ni kulazimisha. Maaskofu wa Mombasa na Uganda pamoja na Dakta Arthur waliandika maoni yao, wakalalamika juu ya ule ujanja wa kuhimiza, lakini wakasema kwamba ikiwa kazi ya lazima ni ya haja basi iwe wazi, kwa sheria na kwa masharti mema. Yaani walisema ya wapagazi: jambo lenyewe tumelikubali, tulitengeneze. Weston aliukataa msingi wenyewe. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha pili, na safari hii mtuhumiwa katika jina la kijitabu ni Uingereza, akisema kwamba kumlazimisha mtu kumfanyia kazi mtu mwingine kwa faida yake ni uovu ambao Mkristo hana ruhusa ya kuutengeneza, na kwamba Waingereza hawakupigana na Wadachi ili wavishike wao viboko vyao. Viti vilevile vya maaskofu vilivyokuwa vimegombana juu ya meza ya Bwana mwaka 1913 vilikuwa tena pande mbili, na ikiwa katika ule ugomvi wa kwanza wengi humwona Weston kuwa mkali kupita kiasi, katika huu wa pili ukali wake ulikuwa mahali pake. Mwaka 1921 Winston Churchill, waziri wa makoloni, aliagiza serikali iache kuwatafutia wenye mashamba watu wa kazi kwa shuruti, isipokuwa kwa kazi za serikali yenyewe. Weston alikufa Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Magila, hajafika miaka 54.

Mishahara ya wapagazi waliokufa au waliopotea ilibaki katika vitabu vya serikali bila ya kulipwa kwa jamaa zao, kwa hoja kwamba hawakujulikana majina wala makwao, ingawa mtu aliyechukuliwa kwa jina la chifu wake na kijiji chake ni rahisi kumjua akiwa anatakiwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi chao, aliyasemea madai yao baada ya vita bila ya kufanikiwa. Dar es Salaam palisimamishwa mwaka 1927 sanamu ya askari na bunduki yake. Mpagazi ana sanamu Nairobi pamoja na askari, na mitaa miwili, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, imechukua jina la kikosi chake mahali zilipokuwa kambi.

Mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa lilikutana Geneva likafanya mkataba wa kuikomesha kazi ya lazima, na kifungu chake cha 18 kikamtaja mpagazi kwa kazi yake, kikaagiza upagazi wa shuruti uondolewe kwa haraka iwezekanavyo, na kabla haujaondolewa uwekewe mipaka ya mzigo, ya mwendo na ya siku. Uingereza ikautia sahihi mwaka uliofuata. Lakini katika kifungu cha 2, mahali mkataba unapoeleza ni kazi gani zisizohesabiwa kuwa za lazima, imo kazi itakiwayo katika dharura, na dharura ya kwanza kutajwa ni vita.